Jinsi Mtu Mzima Anavyoweza Kujifunza Kusoma Qur'ani kwa Matamshi Sahihi

Wapo Waislamu wengi waliofikia utu uzima wakiwa na sura chache walizozihifadhi kwa kuzisikia, ambazo huzisoma katika sala zao tano za kila siku, lakini wakifunguliwa msahafu hawajui waanzie wapi. Baadhi yao waliwahi kusoma chuoni utotoni wakaacha kabla ya kuhitimu, wengine wamesilimu wakiwa wakubwa, na wengine hawakupata nafasi kabisa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Mwenye kuona haya kwa sababu ulimi wake ni mzito na akumbuke hadithi aliyoipokea Bi Aisha, iliyomo katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim, kwamba anayeisoma Qur'ani kwa kubabaika huku ikimwia vigumu ana malipo mawili.

Jambo la kwanza ni kumpata mwalimu, na hili halina mbadala. Qur'ani ilipokelewa kwa mdomo na sikio kabla ya kukusanywa katika msahafu, na mpaka leo husomeshwa hivyo hivyo: mwalimu husoma, mwanafunzi husikiliza na kurudia, kisha mwalimu humsahihisha. Programu za simu na rekodi ni msaada mzuri, lakini hazitoshi, kwa kuwa anayeanza hulisikia kosa lake kama usomaji sahihi. Mwalimu anayekufaa utamjua kwa namna anavyokusimamisha. Akikuachia usome ukurasa mzima bila kukurudisha hata mara moja, nawe ni mwanafunzi wa mwezi wa kwanza, basi ama hakusikilizi ama anakuonea haya, na yote mawili yanakudhuru. Si lazima awe na ijaza, yaani idhini ya kusomesha aliyopewa na mwalimu wake, ingawa ijaza ni dalili njema kwamba naye alisoma mbele ya mtu aliyesoma mbele ya mwingine. Mweleze siku ya kwanza kiwango chako hasa, bila kukipamba, na umwombe darasa fupi la mara kwa mara. Dakika 20 kila siku humfaa mtu mzima kuliko saa mbili za mara moja kwa wiki, kwa sababu anachozoezwa ni ulimi, na ulimi hauzoei jambo kwa kulifanya mara moja.

Jambo la pili ni kuachana na Qur'ani iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Najua ni vigumu kwa aliyeizoea, lakini maandishi hayo hayawezi kuibeba sauti ya Kiarabu. Herufi moja ya "h" husimama badala ya herufi mbili tofauti, hee na haa. "S" huchanganya sini na swadi. "T" huchanganya tee na twaa. Na aini mara nyingi hupotea kabisa au hubaki alama ndogo ambayo msomaji huiruka. Kadiri mtu anavyoendelea kuyategemea, ndivyo makosa yanavyokita mizizi, na kung'oa kosa la miaka kumi ni kazi kubwa kuliko kujifunza herufi 28.

Baada ya hapo, anza na al-Fatiha, hata kama unadhani unaijua. Kwanza, ndiyo sura usiyoweza kusali bila ya kuisoma, kwa hiyo kuirekebisha kunakufaa siku hiyo hiyo. Pili, sura hii ya aya 7 ina herufi 21 kati ya 28 za Kiarabu. Zinazokosekana ni thee, jimu, khaa, zee, shini, dhwaa na fee peke yake. Anayeitamka vizuri al-Fatiha amekwisha kutamka sehemu kubwa ya Qur'ani. Isome aya kwa aya mbele ya mwalimu, wala usivuke aya mpaka akuridhie, hata ikichukua wiki nzima.

Katika kuirekebisha, zingatia sana shadda, yaani alama ya herufi inayokazwa na kutamkwa kama mbili. Ukiihesabu na Bismillahi, al-Fatiha ina shadda 14, na kila shadda ni herufi iliyokutana na mwenziwe, kwa hiyo anayeipunguza amepunguza herufi. Neno "iyyaka", likisomwa bila shadda ya yee, linaacha kumaanisha "Wewe tu" na kuwa neno jingine linalohusu mwanga wa jua. Zingatia pia irabu za mwisho. Ukisema "an'amtu" badala ya "an'amta", umegeuza "uliowaneemesha" ikawa "niliowaneemesha", na msomaji amejipa yeye neema ambayo ni ya Mola wake. Haya si mambo ya mapambo ya sauti, na ndiyo maana wanavyuoni waliyatilia mkazo kabla ya kuzungumzia uzuri wa usomaji.

Sasa tuje kwenye ulimi wa Mswahili, kwa kuwa hapa ndipo miongozo mingi iliyotungwa kwa ajili ya watu wa lugha nyingine inapotuacha. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ya kuanza na sauti ambazo wengine huzihangaikia: thee ya "thelathini", dhali ya "dhahabu", ghaini ya "ghali" na shini ya "shamba" tayari zimo kinywani mwake, ilimradi asiwe na mazoea ya kusema "zahabu" na "selasini", kwani mazoea hayo yatamfanya asome "allazina" mahali pa "alladhina". Ila lugha yetu pia inatuletea makosa yetu wenyewe, na ni bora kuyajua kwa majina kuliko kuyakuta njiani.

Kosa la kwanza ni kuongeza irabu pasipo na irabu. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, na ulimi unapokutana na sukuni, yaani herufi isiyo na irabu, hutafuta mahali pa kupumzikia, ndipo "qul" inapokuwa "quli" na "alhamdu" ikawa "alihamdu". Dawa yake ni kulifunga neno kwenye konsonanti na kunyamaza kidogo, kisha kulirudia kwa kuunganisha.

Kosa la pili ni mkazo. Sisi huikazia silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo bila kujijua, na kwa hiyo "na'budu" husomeka kama kwamba ina madda, yaani mvuto wa irabu, kwenye "bu", hali "bu" hiyo ni fupi kabisa. Kinyume chake, madda iliyopo mahali pengine hukatwa: katika "maaliki", anayevuta "li" na kufupisha "maa" amekosea mara mbili katika neno moja. Madda ya asili ni harakati mbili (harakati moja ni muda wa irabu fupi), hapungui mtu wala hazidishi, na njia nyepesi ya kuizoea ni kusoma huku ukikunja kidole kwa kila harakati.

Kosa la tatu ni la herufi nzito, nalo ndilo gumu kuliko yote. Herufi saba hutamkwa kwa kuinua sehemu ya nyuma ya ulimi: khaa, swadi, dhwadi, ghaini, twaa, qafu na dhwaa. Majina tuliyozipa baadhi yake yanafichua tunavyozikosea, kwani tumezitilia "w" ambayo Waarabu hawaitamki, na anayekunja midomo kama anayetaka kupuliza hudhani amekwisha kuikuza herufi. Simama mbele ya kioo useme "swiraat" ya al-Fatiha. Midomo ikijikunja mwanzoni, anza upya, mpaka uzito utoke nyuma ya ulimi na midomo itulie. Kuhusu qafu na kafu, mfano unaotosha ni "qalb", maana yake moyo, na "kalb", maana yake mbwa.

Herufi za koo ni sita, kwa jozi kutoka chini kwenda juu: hamza na hee chini kabisa, aini na haa katikati, ghaini na khaa juu. Zijifunze kwa mpangilio huo, kwani utazihitaji tena baadaye.

Kujifunza maumbo ya herufi ni kazi nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Herufi nyingi hubadilika zikiwa mwanzoni, katikati au mwisho wa neno, lakini kiini chake hubaki. Anza na herufi moja moja, kisha fataha, kasra na dhumma (alama za irabu a, i na u), kisha sukuni, tanwini (irabu ya mwisho inayofuatwa na sauti ya nuni) na shadda, huku ukiendeleza neno kwa sauti kabla ya kulisoma lote.

Kanuni za tajwidi, yaani elimu ya kuitamka Qur'ani ipasavyo, ziache zije kwa wakati wake. Nimeona wanafunzi wanaoweza kutaja aina zote za madda na bado hawaitoi haa mahali pake. Kanuni ielezwe pale ulimi unapokutana nayo. Mfano mzuri ni nuni ya sukuni na tanwini, ambazo zina hukumu nne: kudhihirishwa mbele ya herufi 6, kuingizwa katika herufi 6, kugeuzwa mimu mbele ya bee, na kufichwa mbele ya herufi 15 zilizobaki. Herufi 6 za kudhihirisha ni zile zile za koo, na mfano wake umeshausoma mara nyingi katika "an'amta", ambamo nuni hutoka wazi kwa sababu aini inaifuata.

Chagua msahafu mmoja na usiubadilishe. Ule uliochapwa Madina, wenye kurasa 604 na mistari 15 kwa ukurasa, huandikwa kwa riwaya (njia ya usomaji iliyopokelewa) ya Hafs kutoka kwa Asim, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Misahafu ya riwaya ya Warsh ni sahihi vilevile, ila katika hati ya Kimaghribi, inayotumika katika mingi yake, fee huwekewa nukta chini na qafu nukta moja juu, jambo linalomvuruga anayeanza. Kwa kusikiliza, rekodi za taratibu za Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri zinafaa sana, kwani kila herufi husikika. Sikiliza aya, simamisha, irudie, kisha mpelekee mwalimu.

Ukimaliza al-Fatiha, ingia Juzuu Amma kutoka mwisho wake, an-Nas kurudi nyuma, kwa kuwa sura 37 za juzuu hiyo nyingi ni fupi na huzisikia mara kwa mara katika sala. Lakini uzisome kwa kuangalia maandishi, kidole kikiwa chini ya neno, usije ukawa unasoma kutoka kichwani huku macho yakipita tu. Kila siku anza kwa somo la jana kabla ya kugusa jipya. Na mwalimu anapotaka kujua kama kweli unasoma, na afungue ukurasa wa katikati ya msahafu ambao hujawahi kuusikia, akutake mistari mitatu. Ukiisoma polepole, bila kukisia neno na kwa makosa machache ambayo wewe mwenyewe unayasikia na kuyarudia, funga Juzuu Amma na uanze al-Baqara.