Jinsi ya kuhakikisha ni mwanga, si joto, unaong'oa bromaidi kwenye platinamu

Nimetoka kumsaidia kijana mmoja wa mwaka wa nne hapa Mombasa na naona wengi hukwama palepale alipokwama yeye, so wacha niandike. Chumvi yetu ni potasiamu heksabromoplatineti, K2PtBr6. Ukiimulika ndani ya maji, elektroni ya platinamu inaruka hadi kwenye obitali inayolegeza vifungo, bromaidi moja (ayoni ya bromini) inachomoka, molekuli ya maji inakaa pale ilipotoka.

Hatua ya 1: Pima miligramu 7.5, yeyusha kwa maji ya distili mpaka mililita 100. Vaa glavu, zima feni unapopima, manake unga wa chumvi za platinamu za aina hii ukiuvuta unaweza kukuletea pumu ya aleji.

Hatua ya 2: Taa. Jua letu la Pwani usilitumie kabisa, wingu likipita tu hesabu imeharibika. Tochi ya kukagulia noti inatosha kuonyesha rangi ikibadilika, lakini ukitaka namba tafuta LED yenye wevulengthi (urefu wa wimbi la mwanga) inayojulikana, na uifunge kwa klampu isisogee.

Hatua ya 3: Kyuveti (kichupa cha kupimia sampuli) ya giza. Hapa ndo masaa huishia. Hii chumvi inabadilika pia yenyewe polepole bila mwanga, na joto linaiharakisha, na maabara zetu mchana zinapita digrii 30 hata madirisha yakiwa wazi, sasa ukimulika kyuveti moja peke yake alafu useme "mwanga umefanya", mtu akikuuliza umejuaje si joto la taa huna jibu. Chukua kyuveti mbili, jaza kutoka chupa moja, wakati mmoja. Moja ifunge foili ya jikoni tabaka mbili, mpaka kifuniko, manake mwanga hupenya hapo juu watu wasipopaangalia. Zote mbili zikae kwenye beseni lilelile la maji ili joto liwe sawa, sio moja kwenye maji, nyingine mezani. Chupa yenyewe pia ifunge foili tangu ulipoyeyusha. Stima ikikatika katikati, usiendelee na ile sampuli, anza na mpya. Na kama spektrofotomita yako (mashine ya kupima mwanga unaomezwa na sampuli) ni ya dayodi-arei jihadhari, kwa sababu mwanga wake wote unapita kwenye sampuli kabla ya kugawanywa, yaani mashine yenyewe inaendesha riaksheni wakati unapima! Funga shata (kizuizi cha mwanga) kila ukimaliza kusoma.

Hatua ya 4: Soma spektra (mwanga unaomezwa kwa kila wevulengthi) kila baada ya muda mfupi, za mwanga na za giza, uzichore kwenye grafu moja.

Hatua ya 5: Pima pH, itashuka, kwa kuwa yale maji yaliyoshika platinamu huachia protoni. Sampuli nyingine iongeze potasiamu bromaidi nyingi uone bromaidi inavyorudi mahali pake.

Hatua ya 6: Hesabu ufanisi wa kwantamu, yaani ni sehemu gani ya fotoni (chembe za mwanga) zilizomezwa inayong'oa bromaidi. Mwanga wa taa upime kwa ferioksaleti, chumvi ya chuma ambayo kiasi inachobadilika kinakuhesabia fotoni, njia ya Hatchard na Parker ya 1956, mimi siamini mita za bei rahisi. Toa mabadiliko ya giza kwanza, na utumie zile dakika za mwanzo tu kabla kemikali mpya haijaanza kula mwanga. Jibu linalojulikana ni kama 0.4, yaani kati ya fotoni kumi zilizomezwa, nne hivi zinang'oa bromaidi. Ukipata chini sana ya hapo, angalia tena kifuniko cha foili.