Kupima masikio: usimchungulie mpimaji

Mimi ni fundi seremala, Majengo, Moshi. Miaka 26 niko na mashine ya kuranda. Niligundua masikio yameharibika kwa sababu ya meza. Mama mmoja alisema atalipa elfu sitini, mimi nikasikia tisini, nikaitikia. Siku ya kuchukua mzigo tulikaribia kushikana mashati. Baadaye nikaelewa: sitini na tisini irabu zake ni zilezile, tofauti ni S na T tu, na sauti nyembamba kama hizo ndizo zinazotangulia kupotea. Mtu unasikia kwamba umesemeshwa, ila hushiki neno.

Ukiamua kupima, nenda kwenye kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa huku kwetu hospitali ya KCMC wanayo. Kama unatumia bima, uliza mapema habari ya rufaa. Tangu jana yake kaa mbali na kelele, maana sikio lililochoshwa na mashine au spika za harusi litatoa majibu mabaya kuliko hali yake. Taja dawa ulizowahi kutumia, hasa kwinini na sindano za jentamaisini. Nenda na mkeo au mumeo. Mimi ningesema tatizo limeanza mwaka huu, mke wangu akasema, "Redio anaifungulia mtaa mzima tangu mtoto yuko sekondari."

Na usichokonoe nta kwa njiti ya kiberiti. Mimi nilichokonoa, nikaisukumia ndani. Daktari alimulika, akaanza kwanza kuitoa.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unaingia kwenye kichumba kama stoo, kuta zina sponji, unavalishwa hedifoni na kupewa kitufe. Ukisikia "pii", hata ya mbali kama mbu wa chumba cha pili, bonyeza. Usipoisikia, tulia. Hapo ndipo nilipoharibu: nilikuwa namchungulia mpimaji kwenye kioo, mkono wake ukisogea nami nabonyeza. Binti wa watu akafungua mlango. "Babu, huu siyo mtihani wa darasa la saba. Geukia ukutani." Tukaanza upya.

Kisha wanakuwekea kidude kwenye mfupa nyuma ya sikio. Ukisikia vizuri kwa mfupa lakini vibaya kwa hedifoni, kizuizi kiko njiani: nta, usaha, au ngoma ya sikio. Usikivu ukishuka sawa kwa njia zote mbili, tatizo liko ndani zaidi, na hilo mara nyingi halirudi.

Omba nakala ya chati. Duara jekundu ni sikio la kulia, X ya bluu la kushoto. Kushoto mwa karatasi ni sauti nene, hezi 250 (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti). Kulia nyembamba, hezi 8,000. Alama ikiwa chini, ujue sauti ilibidi ikuzwe. Yangu inadumbukia kwenye 4,000 halafu inapanda kidogo: hiyo ni kawaida ya watu wanaofanya kazi kwenye kelele.

Ila sikio likizimika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usingoje foleni ya mwezi ujao. Nenda siku hiyohiyo, dawa zake hazitaki kuchelewa.

Wakikushauri shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa sikioni kikusaidie kusikia, uliza kama utaruhusiwa kulijaribu na kurudi kurekebishiwa. Siku ya kwanza nimevaa langu nilisikia kandambili zikiburuzwa nyuma yangu, nikageuka mara mbili kumtafuta mtu. Zilikuwa zangu.