Gemu inakwama kwama kwenye kompyuta? Pima kwanza kabla hujanunua kitu

Wakuu, watu wengi gemu ikianza kuwa nzito wanakimbilia kununua ramu (RAM, memori ya muda ya kompyuta), au wanashusha seting zote mpaka wachezaji wote wa mpira wanafanana sura, afu bado inakwama vilevile. Mi kazi yangu ni kompyuta za watu, na mashine nyingi zinazoletwa kwa shida hii wala hazijazeeka, kuna kitu kimoja tu kimezibana na unaweza kukiona mwenyewe bila kumlipa fundi. Naongelea Windows 10 na 11. Fuata kwa mpangilio, usiruke.

Hatua ya 1: jua kama ni mashine au mtandao

Ingia kwenye gemu zungusha kamera taratibu. Kama picha inazunguka laini ila maadui wanapotea hapa wanaibukia pale, hiyo ni intaneti, server nyingi tunazoangukia huku kwetu ziko Johannesburg, Dubai au Ulaya kwa hiyo ping (muda wa taarifa kwenda kwenye server na kurudi) lazima iwe juu kiasi na hamna ramu itakayoishusha. Kama kamera yenyewe inashtukashtuka hata ukicheza bila bando, hapo ni mashine, twende.

Hatua ya 2: soma namba

Hii ndo hatua yenyewe, zingine zote zinatokana na hii. Cheza kama dakika kumi mpaka uione ile shida, ikiwa bado inakwama bonyeza Ctrl+Shift+Esc, itafunguka Task Manager, nenda sehemu iliyoandikwa Performance. Grafu zake zinaonyesha sekunde 60 zilizopita kwa hiyo hata kama umetoka kwenye gemu sasa hivi, yaliyotokea bado yamechorwa pale. Soma hivi:

- GPU (grafiksi, inayochora picha) iko 95 mpaka 100%, prosesa (CPU) imetulia: grafiksi ndo imechoka, nenda hatua ya 6.
- GPU iko 50% ila prosesa imejaa: prosesa ndo inachelewesha. Angalia, grafu ya prosesa inaweza kukudanganya ikaonyesha 30% kumbe kazi yote imeangukia kiini kimoja (core) cha prosesa, so bonyeza kulia juu ya grafu chagua Change graph to, afu Logical processors, utaona kila kimoja na mzigo wake.
- Memory iko 95%: ramu haitoshi, Windows inaanza kutumia diski kama ramu na hapo ndo gemu inaganda sekunde nzima afu inaendelea.
- Disk iko 100%: mara nyingi una hard disk ya zamani ile ya kuzunguka. Gemu zenye mji mkubwa kama GTA V zinasoma diski muda wote unavyoendesha gari.
- Kila kitu kiko chini na gemu bado nzito: soma hatua ya 3 mara mbili.

Hatua ya 3: chaja na umeme

Kwenye ukurasa wa CPU kuna namba mbili, Speed na Base speed. Gemu ikiwa inacheza, Speed inatakiwa iwe sawa na Base speed au izidi. Sasa utakuta Base speed 2.40 GHz afu Speed imeganda 0.79, hapo mashine imejifunga yenyewe, na mara nyingi sana mchawi ni chaja.

Iko hivi. Baadhi ya laptopu zinaitambua chaja kupitia kile kisindano chembamba cha katikati ya pini, hicho ndo kinaiambia mashine "mi ni wati 65" au wati 90. Chaja ya asili ikiharibika mtu ananunua ya bei poa, pini inaingia vizuri, mashine inawaka, anaona fresh. Ila kisindano kikiwa kimepinda au chaja haina ile taarifa, mashine haijui ina umeme kiasi gani kwa hiyo inashusha prosesa mpaka chini kabisa ili isizidiwe, na wakati mwingine betri nayo haichaji. Kufungua faili na kuangalia muvi huoni tofauti kubwa, unaiona siku ukifungua gemu.

Kupima ni rahisi, gemu ikiwa inacheza chomoa chaja kabisa. Kwa kawaida laptopu ikiwa kwenye betri inapungua nguvu, ila kama yako imechangamka baada ya kuchomoa basi umeshampata mwizi. Tafuta chaja sahihi yenye wati zilizoandikwa chini ya laptopu au kwenye chaja yake ya mwanzo.

Chaja ikiwa nzima, ingia kwenye seting za betri uweke Best performance.

Hatua ya 4: joto

Dalili yake huwezi kuikosea: dakika tano za mwanzo gemu tamu, afu inaanza kushuka taratibu, ukiizima ikapoa inarudi vizuri. Shusha HWiNFO, programu ya bure ya kusoma joto la mashine, iache wazi wakati unacheza uangalie joto la prosesa. Ikifika nyuzi 95 na kuendelea inajipunguza spidi yenyewe isiungue. Acha kuiweka juu ya godoro, matundu ya hewa yako chini. Fungua mfuniko upulize vumbi, shikilia feni kwa kidole isizunguke hovyo wakati unapuliza, na kama haijawahi kufunguliwa miaka mingi badilisha ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki (chuma cha kupoza), huwa imekauka inabanduka kama chokaa.

Hatua ya 5: hakikisha gemu inatumia grafiksi sahihi

Laptopu yenye grafiksi mbili utaiona kwenye Task Manager, GPU 0 na GPU 1. Kama ile kubwa iko 0% wakati unacheza, nenda Settings, System, Display, Graphics, chagua gemu yako uweke High performance. Kwa wenye desktopu, geukia nyuma uangalie waya wa skrini umechomekwa wapi. Uchomeke kwenye kadi ya grafiksi, sio juu kwenye ubao mkuu (motherboard). Usicheke, wapo watu wana kadi ya hela nyingi na skrini imechomekwa kwingine.

Hatua ya 6: sasa ndo ushushe seting

Anza na rezolusheni. 1920x1080 ni vidoti 2,073,600, 1280x720 ni 921,600, yaani kazi imepungua zaidi ya nusu kwa kubonyeza mara moja. Afu shusha vivuli, zima MSAA (inayolainisha kingo za picha), na kwenye GTA V shusha majani. Texture (ubora wa sura za vitu) usiiguse kama memori ya grafiksi inatosha, haikuokoi kitu. FPS (picha kwa sekunde) ikiwa inacheza kati ya 25 na 50, ifunge kwenye 30, macho yatapumzika maana kila picha inakuja kwa mwendo mmoja.

Ramu: kama unatumia grafiksi ya ndani ya prosesa, inakopa ramu ya mashine, kwa hiyo vipande viwili vya 4GB vinaipa nguvu kuliko kipande kimoja cha 8GB. Kwenye Memory angalia Slots used, ikiandika 1 of 2 una nafasi ya kuongeza. Angalia kwanza aina ya ramu yako, ni DDR3 au DDR4, haziingiliani.

Na zile programu za "kuongeza FPS" achana nazo. Draiva chukua kwa mtengenezaji wa grafiksi. Gemu za kukraki pia kuwa makini, mwaka 2021 Avast, kampuni ya antivirus, walieleza kirusi kinaitwa Crackonosh kilichokuwa kinajificha ndani ya gemu za hivyo, GTA V ikiwemo, kinazima ulinzi wa Windows afu kinachimba Monero (sarafu ya kidijitali) kwa prosesa yako, na kilishaingia kwenye mashine zaidi ya 220,000. Kama feni inapiga kelele na hujafungua kitu, skani.

Ukipita kote huko na GPU bado iko 99% kwenye 720p seting za chini, basi grafiksi imefika mwisho wake, na kwenye laptopu karibu zote haibadilishwi. Ukienda kutafuta mashine nyingine, fungua Task Manager hapohapo dukani kabla hujatoa hela, usome GPU ni ipi na ramu ni ngapi, maana stika ya nje mtu yeyote anaweza kuibandika.