Namna ya Kupima Sifa za Vibete Vyekundu Vilivyo Jirani

Vibete vyekundu ni nyota ndogo, hafifu na zenye baridi kuliko Jua, na ingawa nyingi kati ya nyota jirani zetu ni za aina hii, hazionekani kwa macho matupu. Anayetaka kujua tungamo, nusukipenyo na halijoto ya mojawapo hana budi kuanza na umbali, kwa maana vipimo vingine karibu vyote huegemea hapo.

Tafuta paralaksi ya nyota, yaani pembe ndogo ambayo nyota huonekana kusogea Dunia inapolizunguka Jua, katika orodha ya chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya. Ukigawanya 1 kwa paralaksi hiyo, ikiwa imeandikwa kwa sekunde za tao (sekunde moja ni 1/3,600 ya digrii), utapata umbali kwa parseki, kila moja ikiwa takriban miaka-nuru 3.26. Nyota ya Barnard, kibete chekundu tutakachokitumia kama mfano, ina paralaksi ya sekunde 0.547, basi iko parseki 1.83 kutoka kwetu, yaani takriban miaka-nuru 6.

Hatua ya pili ni tungamo, nayo yahitaji uangalifu zaidi. Chukua mng'aro wa nyota katika bendi ya K ya infraredi (mawimbi ya karibu mikromita 2.2), urekebishe kwa umbali, kisha tumia uhusiano wa mng'aro na tungamo uliotokana na nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana, ambazo mizunguko yake imepimwa. Usitumie mwanga unaoonekana kwa macho. Katika angahewa ya vibete hivi, molekuli za oksidi ya titani hufyonza sehemu kubwa ya mwanga huo, na kiasi kinachofyonzwa hubadilika kulingana na wingi wa metali (kwa wanaastronomia, elementi zote nzito kuliko heliamu), hivyo nyota mbili zenye tungamo moja zaweza kutofautiana sana. Katika bendi ya K tofauti hiyo hupungua mno. Kwa Nyota ya Barnard utapata takriban 0.16 ya tungamo la Jua. Hakikisha kwanza kwamba nyota yako si pacha zinazoonekana kama moja, la sivyo hesabu yote itapotoka.

Nusukipenyo hupatikana vizuri zaidi kwa interferometa, kifaa kinachounganisha mwanga wa darubini kadhaa, kama ile ya CHARA iliyoko Mount Wilson, California. Kipenyo cha Nyota ya Barnard angani ni kama milisekunde 0.95 za tao, yaani sekunde 0.00095. Zidisha kipenyo hicho, kwa sekunde, na umbali kwa parseki, kisha zidisha na 107.5, namba inayobadili vipimo hivyo kuwa nusukipenyo cha Jua: jibu ni 0.187 ya nusukipenyo cha Jua.

Sasa jumlisha nishati inayotufikia katika mawimbi yote, uirekebishe kwa umbali, ili upate nguvu ya mng'aro, ambayo hapa ni kama 0.0035 ya ile ya Jua. Igawanye kwa mraba wa nusukipenyo, utafute kipeuo cha nne, kisha zidisha na 5,772, halijoto ya uso wa Jua kwa kelvini. Utapata halijoto ya karibu kelvini 3,250.

Linganisha jibu hilo na halijoto inayotokana na spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake. Zikitofautiana kidogo, mimi huamini zaidi kipenyo kilichopimwa moja kwa moja, kwa kuwa mifano ya kinadharia mara nyingi hutoa nusukipenyo kidogo kuliko halisi kwa asilimia kadhaa, jambo ambalo wengi hulihusisha na usumaku mkali wa nyota hizi. Kwa bahati njema, kipeuo cha nne hupunguza makosa: kosa la asilimia 4 katika nishati huleta kosa la asilimia 1 tu katika halijoto.

Umri usiutafute kwa njia hii, kwani kibete chekundu kilichokomaa hukaa mabilioni ya miaka bila kubadilika sana. Kwa hilo pima kasi ya kujizungusha kwake.