ISO ya kamera, uweke ngapi na wakati gani

Jamani ISO, yaani ile namba ya kamera inayoongeza mng'ao wa picha, sio kitu cha kuiachia kamera ijiamulie kila siku. Nje mchana ni rahisi, mfano asubuhi uko Moshi unapiga mlima kabla mawingu hayajaufunika, weka 100 au 200 basi, picha inatoka safi kabisa.

Kazi iko ndani. Kanisani kwenye harusi taa hafifu, bibi harusi anatembea, wengi wanaogopa kupandisha ISO wanabaki na 400 hapo hapo, shata, yaani kasi ya kamera kufunguka na kujifunga, inashuka mpaka 1/30 ya sekunde na picha zinatoka zimetikisika. Ilishanikuta harusi moja hapo Arusha, nimefika nyumbani nafungua kwenye kompyuta sura ya bibi harusi imefutika, iliniuma sana maana ile siku hairudi tena. Siku hizi nafungua tundu la lenzi mpaka f/2.8 mwanga mwingi uingie, shata 1/160, halafu ndo napandisha ISO, 800, 1600, hata 3200, mpaka mwanga utoshe, na kila ukiizidisha mara mbili picha nayo inang'aa mara mbili. Chenga, vile vidoadoa kwenye picha, zitakuwepo ndio, ila chenga unaweza kuzipunguza baadaye, picha iliyotikisika ndo basi tena. Na usipige picha giza ukitegemea kuiongezea mwanga kwenye kompyuta, chenga zinajaa, angalia suti nyeusi ya bwana harusi utaziona.

Usiku ukipiga Mnara wa Saa na una stendi ya kamera, rudi ISO 100, shata iache wazi sekunde kadhaa.