Kisukari na miguu: usisubiri maumivu

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, na kwa kawaida huanzia ncha za vidole vya miguu. Mtu husikia ganzi, kuchomachoma au moto usiku, na baadaye hisia hupotea. Hapo kokoto ndani ya kiatu husaga unyayo kutwa nzima, mwenyewe asijue hadi avue soksi akute damu. Mishipa ya damu nayo ikiwa imeziba, kidonda kile hakifungi upesi.

Kwa hiyo macho na mikono ifanye kazi iliyoachwa na maumivu. Kila jioni kaa penye mwanga, kagua unyayo, kisigino na katikati ya kila kidole. Kama huwezi kuinua mguu, weka kioo sakafuni au mwombe mtu wa nyumbani akuangalizie. Unatafuta malengelenge, mipasuko, ngozi iliyolainika kwa unyevu. Kisha pitisha kiganja miguu yote miwili. Mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake na umevimba, hata kama hauna kidonda wala hauumi, acha kuukanyagia, uende hospitali siku hiyohiyo: huenda mifupa inavunjika ndani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, basi amini joto na uvimbe.

Osha kwa maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 37. Yapime kwa kiwiko, kwani mguu wenye ganzi huungua kimyakimya. Usiloweke. Kausha katikati ya vidole, kisha paka mafuta juu na chini ya mguu, ila si katikati ya vidole. Unyevu wa hapo hualika fangasi.

Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni.

Sugu ndiyo inayowaponza wengi. Huota pale uzito unapogandamiza, na jinsi inavyonenepa ndivyo inavyozidi kukandamiza nyama iliyo chini yake, hadi kidonda kichimbike ndani huku juu pakiwa pazima. Doa jeusi ndani ya sugu huenda ni damu. Usiikate kwa wembe wala kuipaka dawa ya kuunguza. Mwachie mhudumu wa afya.

Usitembee peku hata ndani ya nyumba. Kiatu kizidi kidole kirefu kwa sentimita 1 hadi 2, na ukinunue jioni, miguu inapokuwa imevimba kidogo. Kabla ya kuvaa, kikung'ute na uingize mkono ndani.

Ukiona kidonda, hata kidogo, osha kwa maji safi, funika kwa chachi safi kavu, uwe kliniki ndani ya saa 24. Usaha, harufu, weusi au homa havingoji kupambazuke.

Hata kama huoni tatizo, miguu ipimwe kliniki angalau mara 1 kwa mwaka: mhudumu hugusisha kwenye unyayo uzi wa plastiki unaopinda kwa mgandamizo wa gramu 10, nawe umefumba macho, useme unapouhisi. Aliyewahi kupata kidonda apimwe kila baada ya mwezi 1 hadi 3.