Seva ya mtumba ya nyumbani: anza na hesabu ya LUKU, bei baadaye

Wakuu, kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kusaka seva ya mtumba (kompyuta ya kukesha imewashwa nyumbani ikitunza mafaili na muvi zako), toa simu ufungue kalkuleta kwanza. Chukua wati ambazo mashine inakula ikiwa imewashwa ila haifanyi kitu, zidisha kwa 0.72, jibu ndo unit za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zitakazoondoka kwa mwezi (ni wati mara masaa 24 mara siku 30, gawanya kwa 1000). Seva haizimwi usiku, kwaiyo hiyo namba ndo bei yenyewe, ile anayokutajia muuzaji ni kiingilio tu.

Mimi hii hesabu nimeijua nikiwa nshapigwa. Nilipata seva ya kwenye rack (kabati la chuma la seva), pana kama sinia la pilau, prosesa mbili za Xeon na RAM giga 48, kwa laki mbili na nusu, nikaipakia kwenye bajaji nikijua nimeokota dodo chini ya mnazi. Kuiwasha tu feni zikaanza kuunguruma mpaka mama mwenye nyumba akaja kugonga dirisha akauliza humu ndani umefungua mashine ya kusaga? Nikaichomeka kwenye kile kipimo cha wati cha kwenye soketi, ikasoma 160 na hapo haina kazi yoyote. Mara 0.72 ni unit 115.

Sasa sikia utamu wake. Nyumba yangu ilikuwa inakula kama unit 60 kwa mwezi na nilikuwa D1, ile tarifu ya TANESCO ya unit moja shilingi 100 kabla ya kodi mpaka unit 75, ukivuka hapo kila unit ni 350. Kwaiyo unit 15 za kwanza za seva nilizipata kwa 1,500, mia zilizobaki zikaenda kwa bei ya juu, jumla 36,500 kwa mwezi na kodi bado. Miezi saba hela ya umeme ingekuwa imeshaipita bei niliyoinunulia. Mashine ya wati 10 inakula unit 7 na kitu, na kwa nyumba ile ile inabaki ndani ya zile unit 75 za bei ya chini, ni kama shilingi 720. Mlioko Kenya fomula ni hiyo hiyo, weka bei ya token zenu.

Wati 10 unazipata wapi? Kwenye vile visanduku vidogo vya maofisini vinavyokuja kwenye mitumba ya kompyuta, ukubwa wa kitabu kinene: Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk au ProDesk Mini, Lenovo ThinkCentre Tiny. Tafuta chenye prosesa ya Intel i5-6500T au 7500T, hizo zina kori nne, mfuko ukiruhusu chukua 8500T yenye kori sita. Ile T watu wanaielewa vibaya, inapunguza umeme wa prosesa ikikimbia kwa nguvu zote (imepangiwa wati 35), ila ikiwa imetulia tofauti na isiyo na T ni ndogo sana, kwaiyo usiongezewe elfu hamsini kisa herufi.

Dukani utaambiwa "boss hii i7 kabisa". Muulize i7 ya ngapi. Ikiwa ni 2600 hiyo ni ya 2011, i5 ya kizazi cha nane (kama ile 8500T) inaiacha mbali na umeme inakula kidogo. Na stika ya kwenye kava usiiamini, stika zinahamishwa, ingia BIOS (ile menyu ya mashine kabla Windows au Linux haijawaka) usome mwenyewe. Ikidai paswedi na muuzaji hana, rudisha mezani, usikubali yale ya "fundi wetu atakutolea kesho".

Nenda na flashi yenye Linux ya kuwasha bila kuinstoli. Fungua terminal uandike lscpu, uone kama kwenye Virtualization imeandika VT-x, bila hiyo VM zako (kompyuta za ndani ya kompyuta, zile za kuendesha kwa Proxmox) sahau, japo mara nyingi inakuwepo ila imezimwa tu kwenye BIOS. Alafu endesha smartctl, programu ya kusoma afya ya diski, angalia Power_On_Hours. Mwaka mmoja ni masaa 8,760, kwaiyo diski ya masaa 40,000 imekesha miaka minne na nusu, hiyo omba ishuke bei na ununue SSD yako (diski isiyozunguka). Fungua kava uone RAM: fimbo moja ya giga 8 ni nzuri kuliko mbili za nne, inakuachia nafasi wazi ya kuongezea.

Na chaja, aisee, chaja! Visanduku hivi vinauzwa sana bila chaja. Dell inaitambua chaja yake kwa kile kipini cha katikati, ukiweka ya kubahatisha inawaka vizuri tu ila inashusha spidi ya prosesa, utalaumu mashine bure. Dai ya kwake, kwa prosesa za T ni wati 65.

Kama hela ni ngumu kuna laptop iliyopasuka kioo. Wengi wanaidharau ila betri yake ndo UPS (akiba ya umeme), umeme ukikatika dakika kumi yenyewe wala haishtuki. Betri ikiwa imevimba usiilaze ndani hata siku moja. Na kwenye faili la mipangilio la Linux linaloitwa logind.conf weka HandleLidSwitch=ignore, la sivyo ukifunika mfuniko inalala.

Mtu wa madiski makubwa manne ya muvi, visanduku hivi havikufai, chukua desktop ya kawaida, ila jua kila diski ya inchi 3.5 ikizunguka inaongeza wati kadhaa.

Ukifika nyumbani ingia BIOS, tafuta pale pa umeme ukirudi baada ya kukatika, mara nyingi inaitwa After Power Loss au AC Recovery, weka Power On. Kabla hujaweka data yoyote chomoa waya ukutani, hesabu mpaka thelathini, chomeka tena bila kugusa kitufe. Isipowaka yenyewe, siku umeme umekatika uko Morogoro utabaki kumpigia simu jirani akakubonyezee.